Mtambo wa Miren Goitia

Orrin Tuttle alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kutaka kujua. Ukimpelekea bunduki iliyokwama, hakukuuliza imekwama wapi. Alikuuliza ulikuwa umelala au umepiga goti ilipokwama, ulivaa glavu au mikono mitupu, na haraka ilikuwa ya nini. Kuna wateja waliochoshwa na maswali hayo wakahamia kwa mafundi wa bunduki wa mji wa Boise, kwenye maduka yenye viti laini na kahawa ya bure. Waliobaki kwake walikuwa wenye subira, au wenye shida ambayo kwingine haikueleweka.

Miren Goitia aliingia karakanani mwake asubuhi moja ya mwezi wa sita, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Nimepata," alisema.

"Umepata nini? Mume?"

"Mume wa nini saa hizi? Nimepata kibali. Kondoo dume."

Orrin akazima mashine ya kukerezea katikati ya kazi, jambo ambalo hakulifanya hata mkewe alipompigia simu.

Katika bonde lile la mto Salmon, kila mwaka baridi ikiisha watu hutuma majina yao yapigiwe kura ya kuwinda kondoo wa milimani, wale wenye pembe nzito zilizojikunja hadi mashavuni. Wengi hutuma mpaka wanazikwa. Anayebahatika akaangusha dume, basi, hana nafasi nyingine maishani. Miren alianza kutuma akiwa na nywele nyeusi, wakati kondoo wa kufugwa wa baba yake, mzee Balendin Goitia, bado wanajaza mlima mzima. Sasa kondoo wameuzwa, mzee amezikwa, nywele ni nyeupe, na magoti yanalia kila akipanda ngazi.

Tena kulikuwa na sheria nyingine, haikuandikwa popote, ila watu wa kule waliiheshimu kuliko zile zilizoandikwa. Ukimjeruhi mnyama akakupotea kwenye majabali, huyo ndiye wako. Unatoboa kibali chako mwenyewe kuonyesha kimetumika, unarudi nyumbani bila kitu, na huna wa kumlalamikia. Miren alikuwa hana usingizi tangu apate ile habari njema, kwa kuogopa jambo hilo moja.

"Nataka bunduki yangu," alisema. "Si ya baba. Si ya kaka yangu Anton. Yangu. Iwe ya kupiga mbali, maana makorongo yale siwezi kushuka na kupanda tena. Na komeo la kuingizia risasi liwe kushoto."

Hapo Orrin nusura amkumbatie. Yeye mwenyewe alikuwa mashoto. Utotoni alipewa bunduki ya watu wa kulia, akawa anavusha mkono wa kushoto juu ya darubini kulifuata komeo upande wa pili, kama mtu anayejikuna sikio kwa kuzungusha mkono nyuma ya kisogo. Siku aliponunua bunduki yenye komeo la kushoto alijiona amezaliwa upya. Akala kiapo kwamba maadamu yu hai, mashoto hatatoka karakanani mwake na komeo la kulia.

"Umefika," alimwambia. "Vuta kiti."

Wasioijua kazi hii hudhani bunduki ni mtutu. Mtutu huchakaa ukatupwa, kitako kikapasuka kikachongwa kingine. Bunduki yenyewe ni mtambo, kile kipande cha chuma cha katikati ambamo komeo linateleza kwenda na kurudi, likiingiza risasi na kutoa ganda. Mtutu hukatwa hesi zake, ile mikato ya kuuskrubia kwenye mtambo, kwa kipimo cha mtambo mmoja na si mwingine. Ukikosea mtambo umekosea yote, na Orrin alizoea kuwaambia wateja wachukue muda mrefu zaidi kuuchagua kuliko waliochukua kuchagua mchumba.

Akatandika kitambaa kwenye kaunta, akaipanga mitambo.

"Huu una meno matatu ya kufungia, mbele ya komeo. Unainua kidogo tu, limefunguka. Jaribu."

Miren akainua. "Mgumu."

"Lazima uwe mgumu. Kazi ya kukaza springi ni ile ile, ila unaifanya kwa safari fupi. Shika huu wa meno mawili. Unainua zaidi, lakini mlaini."

"Ndiyo, huu afadhali. Na huu wenye ukucha?"

"Huo unaishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, hauiachii mpaka umeitupa nje. Wawindaji wa dubu wanaupenda, hata ukiugeuza juu chini hauangushi kitu."

"Mimi sina ugomvi na dubu."

"Basi tuuache ulale."

Miren akachukua mwingine, akautikisa karibu na sikio. "Huu unachezacheza. Umechakaa?"

"Mpya kabisa. Umelegezwa kwa makusudi. Ile iliyobana inapendeza dukani, unaisukuma inateleza kama iko kwenye mafuta. Ipeleke mlimani siku ya vumbi, halafu uje unisimulie. Wewe unataka mtambo unaokula vumbi na kunyamaza."

"Kama mimi."

"Wewe hunyamazi, Miren."

Wakacheka. Walifika kwenye aina moja, ya meno mawili, iliyolegea kidogo, ya chuma kisichoshika kutu. Ya upande wa kushoto Orrin alikuwa nayo moja tu. Mteja aliyeiagiza alihamia Texas akaisahau. Bahati kama hiyo haiji mara mbili, kwani mitambo ya mashoto hutengenezwa michache na unaingojea mpaka ukate tamaa. Ya kulia ya aina hiyo hiyo ilikuwepo pia kabatini, lakini Orrin hakuitoa hata kuionyesha.

Miren akaushika ule wa kushoto kwa mikono miwili. Akalivuta komeo, akalisukuma, akalivuta tena. Uso wake ukawa wa msichana.

"Tangu nina miaka kumi na miwili nautaka huu," alisema.

Orrin alifurahi, ila jicho lake halikutulia. Kila mkono wa kushoto wa Miren ulipolikamata komeo, mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala juu ya kaunta bila kazi, uliinuka kidogo, vidole vikajikunja, ukalala tena. Alitaka kuuliza. Alipoutazama ule uso, akajizuia.

Mtutu ulikuwa bado haujafika kutoka kwa wanaoutengeneza. Wakati wa kungoja, Orrin alimwazima Miren bunduki yake mwenyewe, yenye komeo la kushoto, ili mkono uzoee. Mara kwa mara walikutana kwenye uwanda wa vichaka vya kijivu nje ya mji, ambako mabamba mawili ya chuma yalikuwa yamening'inizwa mbali, yadi mia tano hivi. Orrin hakumtaka apige bamba moja. Alimtaka apige la kwanza, kisha la pili hapo hapo. Upepo wa makorongo hauaminiki, na mwindaji anayetegemea risasi moja tu amejitabiria mabaya.

Miren alikuja na bunduki ya marehemu baba yake pia, ili alinganishe. Ilikuwa kongwe, komeo kulia, kitako kimekwaruzwa na matandiko ya nyumbu waliobebeshwa mizigo.

Risasi ya kwanza haikuwa na shida. Akiwa amelala kifudifudi, bunduki yoyote mkononi, bamba lilipigwa na mlio ukarudi. Shida ilikuwa ya pili.

"Liko wapi?" Miren aliuliza, bunduki ya Orrin begani.

"Bamba? Lipo, halijaenda popote."

"Naona majani matupu. Ngoja... ngoja... haya, nimelipata."

"Dume lako limeshafika Montana."

Akichukua ile kongwe, mlio wa kwanza ulifuatwa na wa pili kabla Orrin hajapepesa jicho kwenye darubini yake kubwa.

"Ni mazoea," Orrin alisema. "Umeishi na ile maisha yako yote. Mkono utajifunza."

Mkono ulijifunza. Mwezi wa saba ulipokwenda ukingoni, Miren alilivuta komeo la kushoto kwa kasi, kwa ulaini, bila kukwaruza. Lakini bamba liliendelea kumpotea. Orrin alibadilisha urefu wa kitako, akasogeza darubini, akamwekea kitambaa cha kulalia shavu. Hakuna kilichosaidia, na jambo hilo lilimkosesha hamu ya kula. Hakuudhika. Alitaka tu kujua ni nini.

Siku moja kaka yake Miren, Anton, alikuja kutazama. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita mbwa. Alikaa nyuma ya gari lake akitafuna mkate na soseji ya pilipili.

"We Kinyume!" alipaza sauti. "Bamba liko mbele, usilitafute mfukoni!"

Kinyume ndilo jina walilompa kaka zake watatu tangu utotoni. Mzee Balendin alikuwa akimpiga kofi mkono wa kushoto mezani, kijiko kinaruka, mpaka akajifunza kula kwa kulia mbele za watu. Alipoomba bunduki yenye komeo la kushoto, mzee alimjibu kwamba komeo liko kulia kwa sababu watu wako kulia, na mazungumzo yakaishia hapo. Akatupiwa ile kongwe. Kaka zake walikuwa wakijipanga nyuma yake kumcheka jinsi anavyohangaika nayo.

"Mzee angekuwepo," Anton aliendelea, "angecheka mpaka akohoe. Bunduki mpya, komeo la kushoto, na bado!"

Miren aliishusha bunduki. Alifuta vumbi kwenye darubini, akafuta tena mahali palipokuwa safi. Orrin alimwonea uchungu. Na uchungu huo ulizidi kumtia ubishi: atampa huyu mwanamke komeo la kushoto hata mbingu zianguke.

Ilikuwa akiwa kwenye mashine yake, anakereza kazi ya mtu mwingine, alipogundua kosa lake. Siku zote hizo alikuwa anatazama bamba. Darubini yake kubwa ilielekezwa kule mbali, kwenye chuma, kuona risasi inaingia wapi. Hata mara moja hakumtazama Miren. Yeye, Orrin Tuttle, bingwa wa kuuliza watu walikuwa wamelalaje.

Walipokutana tena hakutoa darubini kwenye gari. Alisubiri Miren alale, kisha naye akalala chini upande wa kulia wake, kidevu kwenye vumbi, uso kwa uso na kitako cha bunduki.

"Unafanya nini huko chini?"

"Natazama."

"Bamba liko kule."

"Bamba nimelizoea. Piga mawili kwa bunduki yangu."

Akapiga. Orrin akaona mkono wa kushoto ukitoka kwenye kifyatulio kwenda kulifuata komeo, na bega likaufuata mkono, na shavu likaufuata bega. Ni kidogo sana, upana wa ukucha. Lakini kwa umbali ule, upana wa ukucha kwenye shavu ni kichaka kizima kwenye darubini.

"Sasa ya baba yako."

Miren akabadilisha, akapiga. Orrin akakodoa macho kama mtoto. Mkono wa kushoto haukutoka. Ulibaki pale pale, kidole kando ya kifyatulio. Shavu halikusogea, jicho halikuacha kioo. Ni mkono wa kulia, ule uliokuwa chini ya kitako ukikamua kifuko cha mchanga kinachoiegemeza bunduki, uliochomoka, ukapita kwenye komeo juu na nyuma na mbele na chini, ukarudi kwenye kifuko chake. Mwili mwingine wote ulikuwa umelala kama gogo.

"Rudia," Orrin alinong'ona.

Akarudia.

"Tena."

"Orrin, risasi hazikui shambani."

"Tena, nakuomba."

Alipomaliza, Orrin aliketi, vumbi limejaa ndevuni. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kulivuta komeo kwa kulia bila kuinua mkono wa kushoto."

Uso wa Miren ukajifunga. "Najua navyofanya si sawa. Usianze na wewe."

"Sikusimangi. Nauliza."

Miren akasitasita. Kisha akamweleza kwamba alfajiri mbweha walikuwa wanakuja kwa kundi wakati kondoo wanazaa. Yeye alikuwa analala nyuma ya tandiko, bunduki juu yake. Ukimpiga mmoja ukaondoa jicho, wengine wameshaingia kwenye majani, na asubuhi mzee anahesabu wanakondoo. Hakuwa na njia nyingine ya kuligusa lile komeo bila kuondoa jicho. Basi akawa anafanya anavyofanya.

"Nipishe," Orrin alisema.

Akalala mahali pake na bunduki kongwe. Mara mbili tatu mkono wake wa kulia ulipapasa kama wa mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Kisha ukaelewa. Bamba likalia, na kabla mlio haujafa likalia la pili. Kwa maisha yake yote alikuwa hajawahi kupiga mawili kwa haraka hivyo. Akabaki kifudifudi, mtu mzima na ndevu zake, anacheka peke yake. Kicheko kilimwishia alipokumbuka kile kiapo chake, na alichopaswa kumwambia huyu mwanamke.

Alimwambia papo hapo, maana hakujua kuficha. Kwa mtu anayepiga mbali akiwa amelala, na anayejua kufanya alivyofanya yeye, komeo la kulia lilikuwa bora. Lile la kushoto lingemwondolea kitu ambacho wengine hawakuwa nacho.

Miren alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo baba alikuwa sahihi," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi? Nimekula kwa mkono ambao si wangu mpaka nikamwaga supu mbele ya wageni. Nimeitwa Kinyume mpaka makarani wa benki wakaniita Kinyume. Nimengoja miaka hii yote nipate kitu kimoja kilichokaa upande wangu. Leo wewe, mashoto mwenzangu, unaniambia nimshukuru yule mzee?"

"Nimesema una mkono mwepesi kuliko wangu. Sijui baba yako anaingiaje hapo."

"Anaingia," Miren alisema, akikunja mkeka wake. "Yule anaingia kila mahali."

Mtutu ulifika wiki iliyofuata. Orrin alimwita Miren karakanani, akaweka mbele yake mitambo miwili ya aina ile ile, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia.

"Nikishakata hesi, ndiyo basi, hakuna kurudi nyuma," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshakuchagulia kabla hujafungua mdomo. Nilidhani nakutendea haki. Kumbe nilikuwa nakufanyia kama alivyokufanyia mzee, ila kwa upande wa pili. Chagua mwenyewe. Sisemi neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Nitajikaza."

Miren alikaa pale kuanzia mchana mpaka jua likaingia kwa dirisha la nyuma. Alivuta komeo hili, akalivuta lile. Akafumba macho, akafanya tena. Kuna wakati aliukumbatia ule wa kushoto kifuani bila kufanya nao kitu. Orrin alifagia sakafu iliyokuwa imeshafagiwa, akapanga patasi kwa ukubwa, akazipanga kwa umri. Maswali yalimjaa mdomoni kama maji ya moto. Hatimaye alisikia chuma kikisukumwa juu ya mbao, akageuka. Ulikuwa ule wa kulia.

"Huu," Miren alisema. "Na usiniulize."

"Sijauliza."

"Umeuliza kwa macho."

Bunduki ilikamilika mwishoni mwa mwezi wa nane, na msimu ulipofunguliwa walipanda watatu. Anton aliongoza nyumbu, kwa sababu nyumbu walikuwa wake na kwa sababu asingeweza kukaa nyumbani akisikilizia. Njia nzima alikuwa akiitazama ile bunduki mpya na komeo lake la kulia, anatabasamu, hasemi. Tabasamu lile lilimkera Orrin kuliko mawe ya njiani.

Siku ya nne waliwaona madume ng'ambo ya korongo, juu ya rafu ya mwamba. Watatu walikuwa wadogo. Wa nne alikuwa amesimama pembeni, pembe zimechakaa ncha kwa uzee, shingo nene. Kumsogelea zaidi hapakuwa na njia. Chini yake mwamba ulikatika ghafla. Akijeruhiwa akaruka, atakwenda mahali ambapo hata kunguru hafiki, na kibali cha maisha kitakuwa kimekwenda naye.

Miren alilala. Alipumua muda mrefu. Orrin, nyuma ya darubini, aliona majani ya upande ule yakiinama kwenda kulia.

"Upepo unatoka kushoto. Mpe kiasi," alimwambia. "Ukiwa tayari."

Bunduki ikalia. Kule ng'ambo vumbi jeupe likaruka kwenye jiwe chini ya kifua cha dume. Orrin alikuwa amekosea. Upepo wa ndani ya korongo ulikuwa unashuka, na hakuuona. Dume aliruka hatua moja, akasimama, kichwa juu, hajui kelele imetoka wapi. Alikuwa na pumzi moja ya kushangaa, baada ya hapo angeondoka.

"Juu kid—" Orrin alianza kusema, na bunduki ikalia mara ya pili juu ya neno lake.

Dume alipiga magoti. Akalala ubavu pale pale juu ya rafu, hakuteleza, hakurusha hata mguu. Wale wadogo walimtazama, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Miren alitoa risasi zilizobaki, akaacha komeo wazi, akaketi. Orrin alijikuta amemshika bega na machozi yamemjaa. Alikuwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, na hakuona haja ya kuchagua.

Anton ndiye aliyewajia mbio, ameacha nyumbu.

"Risasi ya pili imetoka saa ngapi?" aliuliza. Kisha lile tabasamu likarudi. "Haya, sema sasa. Komeo la kulia! Si mzee alikwambia? Si alikwambia toka zamani?"

Orrin alishika pumzi. Ndilo neno alilokuwa akiliogopa tangu siku ile ya uwandani.

Miren hakupandisha sauti. "Mzee alinitupia bunduki isiyonifaa akaenda zake, Anton. Hakurudi hata siku moja kutazama naifanyaje. Mbinu hii," akainua mkono wake wa kulia, "niliitafuta mwenyewe, nyuma ya tandiko, kwa baridi, nalia. Ninyi mlikuwa nyuma yangu mnacheka. Ndiyo maana nimeuchukua mtambo huu. Nilikuwa karibu kuchukua wa kushoto na kumwachia mzee hata hii, ili mradi nimkomeshe. Usimpe sifa. Si yake."

Anton aliitazama bunduki, akautazama mkono wa dada yake, kama mtu aliyeingia chumba cha nyumbani kwao ambacho hakujua kipo.

"Kwani unafanyaje?" aliuliza. "Mimi sijawahi kuona."

"Ulikuwepo kila siku."

"Nilikuwepo. Sikutazama."

Kisha, bila kuambiwa, akapiga magoti juu ya mawe, akalala chini na ukubwa wake wote, kifua kwenye changarawe. Miren alimwangalia kidogo. Akahakikisha bunduki ni tupu, akalala nyuma ya bunduki, akaweka jicho kwenye kioo. Mkono wa kushoto ukatulia mahali pake. Wa kulia ukapanda polepole, ukalifungua komeo, ukalivuta, ukalirudisha, ukashuka. Anton alifuata kila kitu kwa macho, midomo wazi.

Shavu lake lilikuwa karibu liguse ardhi.

"Sasa sisi," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "tulikuwa tunacheka nini?"

"Sijui," Miren alisema. "Siku zote nilidhani ninyi mnajua."